Simu Shahidi Niliyoiacha Garini

Wadogo zangu, najua mnavyonisonya. Rafiki yako yuko Mombasa, simu yake imeshapata toleo jipya, picha zinang'aa na betri inafika jioni. Wewe uko hapa Riyadh na simu ya aina ileile, ukiingia kwenye mipangilio inakujibu kwamba hakuna jipya. Unasonya, unasema hawa watu wa mtandao wamelala. Basi mmoja wa hao watu ni mimi. Kwa miaka tisa nimekaa katikati, kati ya sasisho na simu yako, na sikulala. Nililala mara moja tu, mchana kweupe, nikiwa natembea kwa miguu yangu. Hiyo ndiyo nitakayowaeleza, lakini kwanza niacheni nizunguke kidogo.

Wiki iliyopita bosi aliniita pale ofisini Murabba akaniambia halas, kazi imeisha. Nina miaka thelathini na sita, wala sina mvi hata moja, na tayari ni mstaafu. Mahali pangu pamechukuliwa na sanduku jeusi lenye ukubwa wa mkate. Linafungwa ndani ya gari la kupeleka vifurushi na linazunguka mji mzima likijipigia simu lenyewe. Halili, haliumwi mgongo, halidai ikama, kile kibali cha kuishi hapa. Nililishika mkononi nikaliangalia vizuri, nikitaka kulichukia, nikashindwa, maana lina taa ndogo ya kijani inayopepesa kama jicho la paka. Nikasema moyoni, nikifungua banda langu la simu kule Wundanyi, ubao wake nitaupaka kijani hichohicho.

Mnacheka. Chekeni. Kitanda changu cha chumba hiki mtakigawana nyinyi.

Mjue kwanza njia ya sasisho. Watengenezaji wa simu wakimaliza kuliandika, haliji kwako moja kwa moja. Kama simu ulinunua kwenye duka la kampuni ya mtandao, kampuni hiyo inasema: ngojeni, tuone kama hili toleo litaelewana na minara yetu. Kazi ya kuona inapewa mkandarasi, mkandarasi ana wahandisi, na wahandisi wana madereva. Wahandisi wanaifungia simu kwenye chumba cha chuma kisichopitisha mawimbi na kuihoji humo. Wakimaliza, sisi tunaitoa nje juani.

Orodha yetu ilikuwa ndefu. Piga. Pokea. Piga gari likienda kasi, uone simu inavyohama kutoka mnara huu hadi ule bila kukata. Tuma ujumbe mrefu wa Kiarabu, uone utafika mzima au vipandevipande. Kila kipimo mara tatu, Riyadh kwanza, halafu ile barabara ndefu ya jangwani, halafu Jeddah. Kipimo kimoja kikifeli, karatasi yote inarudi kwa watengenezaji. Wanatafuta kosa, wanaandika upya, na toleo hilo jipya linakuja kupanga foleni nyuma ya simu za watu wengine. Hapo ndipo miezi yenu inapoliwa. Halafu kuna kufuli. Ramadhani ikikaribia, na msimu wa Hija, kampuni inafunga mtandao. Hakuna kuruhusu toleo, hakuna kugusa chochote, kwa sababu watu ni wengi na kosa dogo litazima simu za mahujaji. Sasisho likikosa kuingia kabla ya kufuli, linangoja mpaka Idi ipite. Mtu hatukanwi kwa kufunga mlango wakati wa umati, hilo nalikubali. Lakini wanaobaki nje ya mlango hakuna anayewauliza walikuwa wanangoja nini.

Aliyenifundisha kazi ni Ami Nassor, mkuu wa madereva. Wazazi wake walihamia Jeddah kutoka Unguja mwaka sitini na nne, yeye akazaliwa hapahapa, lakini Kiswahili chake utadhani jana alikuwa Mji Mkongwe. Alikuwa na kizibao ambacho mkewe alikishonea mifuko kumi na miwili, kila mfuko namba yake kwa uzi mwekundu. Kila mfuko simu. Akitembea alikuwa analia kama duka.

Siku ya kwanza alinipa simu mbili za aina moja. "Hii ya kulia ina toleo jipya. Hii ni mgeni. Hii ya kushoto ina toleo la zamani. Hii ni shahidi."

"Shahidi wa nini, Ami?"

"Mgeni akikwambia nyumba hii ina joto, utamuuliza nani kama kweli ina joto?"

"Mwenye nyumba."

"Ehe! Basi mgeni akikata simu, mtazame shahidi. Shahidi naye akikata, ubaya ni wa mahali, si wa mgeni. Mgeni na shahidi hawaachani hata hatua moja. Ukiwaachanisha, usije kwangu."

Kazi yenyewe ndiyo hiyo, wadogo zangu. Mengine yote ni ufundi wa mikono. Usiweke simu juu ya dashibodi, jua la Jeddah litaizima, na baadaye utaandika kwamba toleo linazima simu. Usiipoze kwenye sanduku la barafu pamoja na maziwa ya laban. Niliwahi kufanya hivyo, simu ikatoka na ukungu ndani ya kioo kama dirisha la bafu, na Ami Nassor akaniuliza kama nilitaka kuipima au kuinywa. Ishike kama mtu anavyoishika, kiganja kizima, usiibane pembeni kwa vidole viwili kama kipande cha samaki. Na namba ya kupimia isome mara mbili. Mwezi wangu wa kwanza nilikosea tarakimu moja, nikampigia mzee mmoja wa hapa mjini mara tatu kila baada ya dakika kumi, asubuhi nzima. Nilidhani ni mashine ya kupokea, ila nikaona mashine hii inakohoa. Mwishowe akasema kwa Kiarabu chetu cha kazini, "Sadik, enta mafi shughul?" Yaani, rafiki, huna kazi? Nikamwambia hii ndiyo kazi yangu. Alicheka mpaka simu ikakata, nami nikaandika: imekata, sekunde arobaini.

Sasa niingie penyewe.

Wakesho ni dada wa kwetu, Taita, kilima kimoja na sisi, kanisa moja. Anafanya kazi za nyumbani Jeddah, mtaa wa Rawdah, kwa madam asiye mbaya. Madam hakumnyima simu, ila alitaka ikae juu ya friji, kazi ziendelee. Wakesho alikuwa akinipigia kila nikifika Jeddah. "Kaka Mwakio, umeleta nini kutoka Riyadh?" Namjibu, "Vumbi." Anasema, "Hilo ninalo, nafagia kila siku."

Alipotaka simu mpya, mimi ndiye niliyemshauri. Nilimwambia asinunue zile za wachuuzi, kama za soko la Batha hapa Riyadh, aende duka la kampuni ya mtandao, kwa sababu za kule dukani sisi tunazipima, ziko salama. Akanisikiliza. Baadaye likaja toleo lenye kasoro. Simu ikikaa muda bila kuguswa inalala usingizi mzito, alama za mtandao zinaonekana zote, lakini mtu akikupigia haiiti, na hata huonyeshwi kwamba ulipigiwa. Ukiigusa inaamka kama kwamba hakuna kilichotokea. Simu inayokaa kwenye mfuko wa mtu haina shida sana, maana inaguswaguswa. Simu inayokaa juu ya friji imekufa.

Na Wakesho alikuwa na utaratibu na mama yake. Mama alikuwa na kabambe, ile simu ya tochi, na salio la kubahatisha. Kila siku baada ya alasiri anaflashi: anapiga, inaita mara moja, anakata. Flashi moja maana yake nimeshinda salama, usipoteze pesa yako. Flashi mbili maana yake nipigie. Ijumaa Wakesho ndiye anapiga, wanazungumza mpaka muda wake uishe. Miaka minne waliishi hivyo, mama na mtoto, kwa mlio mmoja wa simu kwa siku.

Flashi zilipoanza kupotea alinipigia. "Kaka, mama ananiambia ameflashi, mimi sioni kitu. Anadhani nimemchoka. Wewe si ndiye mtu wa simu?"

Nikajigamba. Nikamwambia kasoro naijua, dawa yake imeshaandikwa, iko ndani ya sasisho jipya, na sasisho lenyewe ninalo hapa mkononi, nalipima wiki hii hii. "Kabla ya Ramadhani litakuwa kwenye simu yako. Kwa sasa uwe unaigusagusa."

"Nikiwa na unga mikononi?"

"Iguse kwa kiwiko."

Akacheka. Alikuwa ananiamini, jamani. Leo hii najiuliza kwa nini sikumpelekea kabambe tu. Kila duka la Balad lina kabambe. Lakini mimi nilikuwa naiota ile siku atakayoniambia imekuja, kaka, umeileta. Nilitaka kumletea dawa yenyewe, si kijiti cha kuegemea.

Balad ndiyo Jeddah ya zamani, nyumba za mawe ya matumbawe, kuta zake nene kama kifua cha ng'ombe, vichochoro ambavyo gari haliingii. Huko tulikuwa tunapima kwa miguu. Siku hiyo nilikuwa peke yangu, Ami Nassor amebaki Riyadh. Nikatazama shahidi, chaji asilimia kumi na mbili. Nikasema haitafika. Nikaichomeka kwenye chaji ya gari, nikafunga mlango, nikaingia vichochoroni na mgeni peke yake. Nilikuwa nimepita njia zile miaka mingi. Naijua Balad, nikasema.

Nyuma ya duka moja la mabaibui mgeni akakata. Nikarudia, akakata. Mara ya tatu, akakata. Nikatoka kichochoroni, nikasimama kivulini nijaze fomu kwenye simu ya kazi. Fomu ina safu mbili, ya mgeni na ya shahidi, na usipojaza zote mbili haiendi. Kwa mgeni nikaandika: imefeli. Kwa shahidi kidole kikaenda chenyewe kilikozoea kwenda kwa miaka saba. Sawa. Sawa. Sawa. Nikatuma. Nikanunua juisi ya miwa, nikarudi garini nikiimba. Shahidi alikuwa pale kwenye kiti amefika asilimia sitini.

Baada ya siku tatu nilipita kichochoro kilekile kwa ajili ya simu ya aina nyingine, safari hii na mgeni na shahidi mifukoni. Nyuma ya duka la mabaibui zikakata zote mbili kwa pamoja. Mwenye duka akaniona nimeganda. "Hapa simu haishiki," akaniambia, "tangu niko mtoto." Tangu yeye mtoto! Ukuta ndio uliofeli. Nami nilikuwa nimemshtaki mgeni, na nimemtungia shahidi ushahidi.

Nilirudi Riyadh nikamweleza Ami Nassor. Alikuwa anachomeka simu zake kwenye chaji, moja moja. Hakugeuka.

"Ulimwacha wapi shahidi?"

"Garini, Ami."

"Na ukaandika sawa."

"Ndiyo."

Alichomeka mpaka akamaliza zote kumi na mbili. "Karatasi imeshafika kwa watengenezaji. Watu wanatafuta kosa ambalo halipo, na hawatalipata. Inaweza kurudishwa. Unaandika barua kwamba kipimo ni batili, mpimaji alijaza asichokiona. Jina lako chini. Kufuli ni wiki ijayo. Barua ikifika Alhamisi, sasisho linaingia."

"Na mimi?"

"Wewe bosi atakwambia halas, na kafili aliyekudhamini atakutafutia ndege. Huenda. Huenda asifanye. Mimi siwezi kukuapia."

"Niandikie wewe, Ami. Wewe wanakuheshimu."

Hapo ndipo aligeuka. "Mwanangu, mimi sikuwapo Balad."

Ikama yangu ilikuwa imebaki miezi miwili. Nyumbani msingi wa nyumba ulikuwa umechimbwa, mawe yameshapangwa kando yake. Nilianza barua Jumanne. Nikaiandika Kiingereza, nikaona kibaya, nikafuta. Jumatano nikasema nitamwomba mhandisi mmoja anirekebishie, nikaona aibu. Alhamisi nikasema wiki ikianza Jumapili nitaamka mapema. Jumapili niliamka mapema kweli. Nilipofika ofisini kulikuwa na tangazo mlangoni, mtandao umefungwa hadi baada ya Idi. Ami Nassor alinipita kwenye ngazi, akanisalimu vizuri kama kawaida yake. Hakuniuliza kitu. Afadhali angenitukana.

Wakati huohuo, jamaa mmoja wa chumbani kwetu, mlinzi, ana simu ya aina ileile ya Wakesho. Yeye aliinunua Batha kwa mtu aliyezitandaza juu ya kitambaa. Simu isiyo ya kampuni yoyote haingoji ruhusa ya mtu. Sasisho lilikuwa limemfikia zamani, moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji. Simu yake ilikuwa inaita kila saa, inaita chooni, inaita akiwa amelala. Mimi niko kitanda cha juu, naisikiliza.

Wiki ya pili ya Ramadhani mama yake Wakesho alishikwa na kifua. Jumatatu aliflashi mara mbili. Jumanne akaflashi mara mbili. Jumatano jirani ndiye aliyemshikia simu, mama amebakiwa na nguvu ya kidole tu, akaflashi mara mbili. Simu iko juu ya friji. Rawdah yote inapika futari, Wakesho anakaanga sambusa, mikono ina unga. Ijumaa alipiga kama kawaida yake, na aliyepokea hakuwa mama. Jirani alimwambia, "Alikuita siku tatu, mwanangu. Tukamwambia huenda kazi ni nyingi."

Madam alimwonea huruma, alimpa ruhusa ya kwenda nyumbani. Lakini karatasi za kutoka zilichukua muda, na kwetu mlimani maiti haingoji sana. Mama alizikwa siku ambayo Wakesho alikuwa bado Jeddah, anatandika meza.

Baada ya Idi kufuli likafunguliwa. Watengenezaji walirudisha toleo lilelile, hawakubadilisha herufi hata moja, waliandika tu kwamba kosa halikuonekana. Tukalipima upya. Balad nilikwenda na Ami Nassor, mgeni kulia, shahidi kushoto. Likapita. Ruhusa ikatoka.

Siku mbili baadaye Wakesho akanipigia.

"Kaka Mwakio! Imekuja!"

"Imekuja?"

"Imekuja usiku, nimeamka imejiwasha yenyewe. Nimeijaribu. Nimeiweka juu ya friji nusu saa, nikamwambia mtoto wa madam apige. Ikaita! Kaka, asante. Ulisema utaileta."

Nikamwambia karibu. Halafu akasema, "Sasa ikifika alasiri naiangalia tu. Inafanya kazi vizuri sana."

Mwaka mzima na zaidi nilibaki na hiyo asante. Ami Nassor alistaafu akaniachia kizibao chake, na kila nikikivaa mfuko wa kushoto ulikuwa mzito kuliko wa kulia, ingawa simu ni za aina moja. Kisha likaja sanduku, na mimi nikaambiwa halas vilevile, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuhusu barua yoyote. Ile kazi niliyoilinda kwa ukimya wangu iliondoka yenyewe. Hilo mlishike kuliko hayo ya dashibodi na barafu. Sanduku lina makosa yake, lakini haliwezi kuandika sawa kwa kitu ambacho halikukiona. Mimi niliweza.

Jumatatu hii nilikwenda Jeddah kuaga. Wakesho alitumwa na madam dukani, bakala ya pale Rawdah, tukasimama nje, yeye na mfuko wa mikate na laban. Nikamweleza. Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi: gari, kichochoro, fomu, Alhamisi, Jumapili. Sikupunguza kitu. Alikuwa ananitazama mikono, hakunitazama usoni. Laban ilianza kutoa jasho ndani ya mfuko, ikawa inamdondokea miguuni, na hakuihamisha.

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Ile simu uliyoiacha garini," akasema, "ilikuwa na chaji ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na kule vichochoroni ulitembea muda gani?"

"Haikutimia nusu saa."

"Kumi na mbili ingetosha?"

Nimepima simu miaka tisa. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ile ile, nikiwa bado na juisi ya miwa mkononi.

"Ingetosha," nikasema. "Ingebaki."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Akahamisha mfuko kwenda mkono wa pili, akaangalia saa ya simu yake. Alasiri ilikuwa inakaribia, na madam alikuwa anangoja mikate.